Pamba Ndani ya Kofia

Mama yule fundi cherehani alikuwa na mkono mwepesi wa kushona, na mkono huo ndio uliomponza. Binti yake, waliyemwita Chiriku kwa maneno yake mengi, alizaliwa na kichwa kirefu kama yai, kimebonyea pembeni. Mume wa fundi alikitazama mara moja tu.

"Usinitolee mtoto kichwa wazi. Watu watanicheka."

Wifi akadakia, "Labda alimlalia akiwa tumboni. Si tunamjua kwa usingizi!"

Lawama zote kwake, kana kwamba mtoto alimtengeneza peke yake. Basi akashona kofia, ndani akajaza pamba penye bonde, kichwa kikaonekana duara. Huko kliniki, muuguzi mwenye foleni ndefu alizungusha utepe wa kupimia juu ya kofia hiyo hiyo.

"Mwache nayo, mama, asishikwe na mafua. Kichwa kizuri."

Mama hakuitaja pamba. Neno hilo hakuwa amewahi kuambiwa na mtu.

Mume aliondoka hata hivyo, bila kuaga.

Miaka michache baadaye, Chiriku alipoanza kuumwa kichwa kila asubuhi na kujigonga milangoni, mama alimbeba hadi hospitali kubwa. Daktari wa upasuaji aliivua kofia mwenyewe, akakipapasa kichwa. Kisha akaeleza taratibu: mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga huwa haijashikana, ili ubongo upate nafasi ya kukua. Ya huyu ilishikana mapema mno. Ubongo umebanwa, na mishipa ya macho imeumia.

"Mngemleta akiwa mchanga, mama."

"Kliniki sikukosa hata mara moja, daktari."

"Tutaifungua mifupa, tuipange upya. Kichwa kitapona. Macho siahidi."

Wakaipanga. Nyuzi zilipita juu ya kichwa, sikio hadi sikio, na mama, anayejua mshono, aliona ni kazi safi. Uvimbe ukashuka, maumivu yakakoma, paji la uso likakaa vizuri. Kila siku alipunga mkono mbele ya mwanawe, kimyakimya. Macho hayakuufuata.

Mume alisikia habari ya kichwa kilichopona. Akaja wodini na shati lililopigwa pasi, akasimama miguuni mwa kitanda.

"Ona binti yangu alivyo mrembo! Mimi kabisa!"

Chiriku aligeuza shingo kuitafuta sauti, uso ukampita, ukaishia ukutani.

"Mama, nani huyo?"

"Mgeni," mama alijibu, akimvutia shuka. "Amekuja kukutazama."