Alizaliwa Kisaka

Wazungu walipokuwa wakiuana katika ile vita kuu ya kwanza, babu yangu alikuwa kijana anayechunga ng'ombe Kisaka, ng'ambo ya mto Kagera, ambako leo ni Rwanda. Mjerumani aliposhindwa, washindi waligawana nchi zake: huku Mwingereza, kule Mbelgiji. Kisaka yenyewe alipewa Mwingereza, kisha miaka michache baadaye akarudishiwa Mbelgiji, kama sahani ya matoke inayozungushwa mezani. Babu alivuka na ng'ombe wake, akaoa huku Bugomora, upande wa Mwingereza, akapanda migomba. Hakuna aliyemuuliza kitu. Wale mabwana wa kalamu nawachukia mpaka leo, ingawa wote walishakufa.

Baba alizaliwa hapa. Babu alipofariki tulimzika kibanjani, katikati ya migomba, kama tunavyozikana huku. Mimi ndiye niliyeandika kwa msumari kwenye saruji mbichi: ALIZALIWA KISAKA. Nilijiona msomi.

Miaka mingi baadaye wakaja watu wenye marungu, wakisaka wahamiaji haramu. Ilikuwa mchana kweupe, tunaanika kahawa. Baba aliwapokea kwa adabu, akawapeleka kaburini, akiamini mzee aliyelala pale ni hati ya kutosha. Kiongozi wao alisoma, akacheka, akamtandika rungu la goti. Baba aliangukia kaburi. Wakampiga mgongoni, vidoleni, mdomoni, meno mawili yakabaki juu ya saruji. Nilipojitupa katikati walinivunja mkono. Niliusikia mfupa ukilia.

Kiongozi akauliza mimi ni nani wake. Nikisema mwanawe, tunavushwa mto sote, na mke wangu na watoto, na kibanja kinapata mwenyewe mwingine. Nilifungua mdomo, Baba akaniwahi.

"Huyu ndiye mwenye shamba," alisema, damu ikimchuruzika kidevuni. "Mimi kibarua wake. Hata baba yangu alikuwa kibarua hapa."

Wakanitazama. Nilitaka kumrarua mtu kwa meno, lakini nikatikisa kichwa kukubali. Nina aibu kuliandika hilo.

Kiongozi hakuridhika.

"Kama ni bosi wako, mwamkie tuone."

Baba alijiinua kwa goti moja, akaniinamia.

"Shikamoo, bosi."

Nikaitikia marahaba, wakamburuta hadi kwenye lori.