Skii za Baba Yake Reijo

Mpaka leo nikimwona Reijo sokoni navuka barabara. Watu wananiambia, Hilkka, msamehe mwenzako, mmekua pamoja. Ni rahisi kusema. Wao hawakuwepo.

Mwenye habari hii ni Taimi. Taimi anatengeneza nywele hapa Kajaani, kwenye kichumba chenye viti viwili na kioo kimoja, na nusu ya mji huu wamepitia mikononi mwake. Mabibi harusi amewasuka, wagonjwa amewafuata vitandani, na mama yangu alipofariki ni yeye aliyemchana kabla hajafunikwa. Mumewe alikufa mapema. Mkasi ndio uliomlisha na kumlelea binti yake, hana kazi nyingine anayoijua. Na kila Machi alikuwa anafunga duka, tunapanda kaskazini ya mbali, kupita Inari: yeye, mimi na Reijo, marafiki tangu darasa la kwanza.

Huko juu kuna vibanda vya watu wote. Havina mlinzi wala kufuli. Unawasha jiko, unalala, kesho unafunga miguuni skii zako, zile fito ndefu bapa za kutelezea juu ya theluji, unaendelea. Sharti lake ni dogo: kabla hujatoka unamchongea ajaye vibanzi vikavu vya kuwashia moto, unaviacha kando ya jiko pamoja na kiberiti, na shoka unalirudisha ndani. Huyo ajaye humjui, na huenda akafika mikono imekufa ganzi. Taimi alikuwa anachonga vyake vyembamba, vimejikunja kama nywele za mtoto, na Reijo anamcheka kila mwaka.

"Mama Vibanzi, atakayekuja hapa ni sungura tu."

"Basi sungura naye aote moto," Taimi anamjibu, anaendelea kuchonga.

Asubuhi ile ilikuwa zamu ya Reijo. Sisi tulitangulia nje kufunga mizigo, yeye akabaki ndani na kahawa yake. Alipotoka Taimi akamuuliza, "Umeacha kila kitu?"

"Kila kitu, bibi. Twende, mawingu yale siyapendi."

Akafunga skii zake. Zile skii, Mungu wangu. Marehemu baba yake alizichonga mwenyewe na kuzipaka lami ya msonobari, na Reijo alikuwa anazipapasa kuliko alivyowahi kumpapasa mkewe, ambaye alishamkimbia.

Ziwani upepo ukatushika. Taimi alikuwa mbele. Mahali pale maji yalikuwa yamepanda juu ya barafu na kujificha chini ya theluji. Skii zake zikazama, akaanguka kifudifudi, mikono yote miwili ikaingia mpaka viwiko. Tulipomwinua, glavu zilikuwa zinaanza kukakamaa. Tukageuka. Kibanda kile kile ndicho kilikuwa karibu.

Tulifika hatuonani kwa theluji. Nikamkalisha Taimi, nikamvua glavu, nikamwekea mikono kwapani mwangu, nikageuka kulitazama jiko. Kando yake hapakuwa na kitu. Hata kibanzi kimoja.

"Reijo, vibanzi viko wapi?"

Akaangalia chini. "Nilijua hakuna atakayekuja."

"Shoka?"

"Nje. Nililichomeka kwenye gogo."

Gogo lenyewe lilishafukiwa. Alitoka kulitafuta akarudi mikono mitupu. Kuni zilizokuwa ndani zilikuwa nene kama paja, zimeganda, kisu hakiingii, kiberiti kingezifanya nini?

"Vidole sivisikii, Hilkka," Taimi akasema, polepole, kama anayeomba radhi. Vilikuwa vyeupe kama mishumaa. Nilikasirika mpaka meno yakauma.

Skii zetu sisi wawili zilikuwa za plastiki. Nikaingiza za Reijo ndani, nikailaza moja kizingitini na kuirukia. Ikakatika.

"Hilkka, hizo ni za baba!"

"Najua ni za nani."

"Nyingine kama hizo hazipatikani."

"Na vidole je, vinapatikana wapi?"

Nikachonga kwa kisu changu, mbao kavu yenye lami, ikashika moto kwa njiti ya kwanza. Skii ya pili nayo ikaenda. Reijo alikaa kwenye kona akilia, na sikujali analilia nini.

Asubuhi hali ya hewa ikatulia, mfugaji mmoja wa kulungu wa theluji, wale wanaofugwa kule kaskazini, akapita na pikipiki yake ya theluji, akakubali kumpeleka Taimi hospitali. Taimi akagoma kuinuka. Mikono imefungwa vitambaa, amekaa mbele ya jiko.

"Reijo, chonga."

Reijo akachonga.

"Vyembamba zaidi," Taimi akasema. Mfugaji akasubiri mlangoni.

Daktari alimkata ncha za vidole viwili, cha shahada kimojawapo. Vilivyobaki vilipona, lakini kile cha shahada hakisikii kitu. Mwezi Juni akafungua duka. Siku ile nilikuwepo nafagia, na wa kwanza kuingia alikuwa Reijo. Nilitaka kumpiga ufagio. Taimi akamwonyesha kiti.

Mkasi ukamponyoka mara ya kwanza, akauokota. Mara ya pili ukamchoma Reijo sikioni, damu ikashuka mpaka kwenye kola. Taimi hakujua mpaka alipoiona kwenye kioo. Akaushusha mkasi.

Reijo hakuligusa sikio.

"Endelea," akasema.