Mwanya Chini ya Kiti cha Nyuma

Sisi tuliocheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu tunapenda kujisifu. Tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, tukatumwa dukani bila kununa, na watoto wa leo wasiobanduka kwenye simu tunawaona hawakulelewa. Nami husema hivyohivyo, kisha nakumbuka mashua ya baba, naona aibu.

Baba alikuwa seremala Shinyanga. Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa alimpa kazi ya kuunda mashua ya kutembeza wageni mtoni, upande wa Geita. Uani kwetu palikuwa na vumbi tupu, basi majirani walikuja kucheka, wakiuliza kama tutaipanda tukienda kuchunga ng'ombe. Baba hakuwajali. Wiki kadhaa hata ugali ulinuka lami.

Msaidizi wake, Masanja, ndiye aliyenifundisha kukalafati: unasokota pamba, unaishindilia kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, ndipo unapaka lami. Mwanya wa chini ya kiti cha nyuma niliachiwa mimi, maana mikono ya watu wazima haikupenya. Lakini wenzangu walikuwa wananiita tukacheze, na mpira wetu ulikuwa umenywea. Pamba yote nikaijaza kwenye soksi, mwanya nikaupaka lami juu juu.

"Umeshindilia vizuri, mayu?" Masanja aliuliza, akiniita mama kwa Kisukuma. Nikasema ndiyo, akaniamini.

Lori liliibeba mashua, nasi tukapanda tukiimba njia nzima. Mtoni Mhindi aliingia na familia yake, mama yake mzee akakalishwa kiti cha nyuma. Hawakufika mbali. Maji yalimfika yule bibi magotini, wakarudishwa ukingoni wameloa chapachapa, na baba akasimama mbele ya watu wote akitazama chini. Kisha akamgeukia Masanja.

"Kukagua nilikukabidhi wewe. Nenda, usirudi kwangu."

Masanja aliokota nyundo yake, akashika njia. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka alipokuwa, na sikufungua mdomo.

Baba alifariki akiamini kosa lilikuwa la Masanja. Mwaka jana nilimkuta Masanja sokoni Bugarama, mzee sasa, anauza mkaa. Nikapiga goti, nikamwamkia.

"Marahaba, mayu," akasema. "Baba yako hakunionea. Nilikagua vibaya. Tangu siku ile sijashika tena nyundo, naogopa nitaua watu."

Wanangu wakivunja sahani huja kuniambia wenyewe, tena wanacheka, nami huwagombeza kwamba hawana haya. Mimi nililelewa enzi za adabu. Nilibaki nimepiga goti mbele ya mzee wa watu, nikasema, "Pole, baba," nikanunua mkaa, nikaenda zangu.