Uso Ulioungua kwa Flashi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Studio pale Somanda alinikabidhi kamera yenye flashi, ile taa inayomulika ghafla, nimpige picha mama mmoja aliyetoka Zagayu na nguo zake za kanisani. Nilimsimamisha ukutani, nikammulika. Filamu iliposafishwa, uso wake ulikuwa mweupe kama umepakwa unga, na nyuma yake kivuli cheusi kimeng'ang'ania ukuta.

Mkuu hakufoka. "Binti, taa ilitoka wapi?"

"Mbele, baba. Usoni kabisa."

"Basi mtoe ukutani, kivuli kipate pa kuangukia. Na taa ielekeze darini, imrudie taratibu. Macho yake umeyapata. Rudia."

Nilitamani kuacha kazi siku ileile. Lakini mama wa watu alikuwa bado amekaa kwenye benchi ananisubiri, nikarudia.

Baadaye niliajiriwa ofisi moja ya serikali huko Lagangabilili. Nilipiga mikutano, mashamba ya pamba, wageni wakikata utepe. Afisa Habari, bosi wangu, akiletewa picha alisema, "Hii haifai."

"Haifai wapi, mkuu?"

"Haifai tu. Kapige nyingine."

Nilifanya kazi chini ya mtu huyo hadi mvi zikanitoka. Mashamba hayakunichosha kama lile neno lake. Nilistaafu magoti yanauma na jicho la kulia lina ukungu, nikaapa sitatazama tena picha ya mtu.

Mwaka huu akaja Neema, muuguzi jirani yangu, anayepiga picha kwa kupenda tu. Huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Alikuwa amepiga harusi ya binamu yake.

"Mayu, kila mtu ananiambia nzuri. Wewe niambie ukweli."

Nilikuwa nimechoka, nataka kulala. Nikaitazama kwenye simu yake: mzee amemshika bibi harusi kiwiko, wanaingia kanisani. Nikamwambia uso wa mzee umeungua, flashi imempiga karibu mno, alama zote za uso zimefutika. Nikaeleza na kivuli. Mwisho nikasema mkono ule kwenye kiwiko ameunasa vizuri sana.

Nikainua macho nimtazame Neema. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Huyo ni baba mkubwa," alisema. "Tumemzika wiki iliyopita. Ndiyo picha yake ya mwisho."

Nikampa pole, akaipokea, akafunga simu yake, akaondoka.

Nilidhani harudi. Alirudi Jumapili, baada ya ibada, akakaa mbele yangu na kamera mapajani.

"Mayu, uliyosema ni kweli yote. Nimeangalia tena, nimeyaona. Ila ungeniuliza kwanza huyu ni nani. Na ule mkono ungeutaja mwanzo, ningekuwa na nguvu ya kusikia mengine."

Nikiri, iliniuma. Umri wangu huu, kukosolewa na binti wa juzi! Lakini alikuwa ameeleza wapi na kwa nini.

"Nimekusikia, mwanangu," nikamwambia. "Lete kamera."

Nyumba yangu ni bati tupu, haina dari. Tukatundika shuka jeupe, akaelekeza flashi hapo, mwanga ukarudi mpole. Alinipiga mimi. Mikunjo yote ilionekana, hata ukungu wa jicho. Kisha akaenda kumpiga mama mkubwa, mjane wa yule mzee, kabla macho yake hayajamalizwa na kilio. Alinionyesha. Uso ulikuwa mzima, na huzuni yake ilikuwemo.

"Kosoa, mayu."

"Kichwa umekibana mno na ukingo wa juu wa picha. Mengine sina."

Vijana mnaopiga picha, kazi hii imenila mwili, na mkinikuta nasinzia msishangae. Leteni picha zenu hivyohivyo. Nitawauliza kwanza mliyempiga ni nani kwenu, na mkishanijibu, ndipo nitavaa miwani.