Glenda Nowicki na Mkataba wa Lavelle

Glenda Nowicki hakuwahi kucheza mpira wa Kimarekani, wala hakuolewa na mchezaji, wala kwao hakukuwa na mchezaji. Alizaliwa Toledo, Ohio, kwenye mtaa wa Wapolandi, jirani na kiwanda cha vioo alichofanyia kazi baba yake. Aliingia kwenye timu ya mji akiwa msichana wa kuuza tiketi dirishani. Baadaye akahamishiwa ofisi ya mishahara, na ligi ilipoweka kikomo cha mishahara akajikuta ameshikishwa jambo ambalo wakubwa wote walikuwa wakilikimbia.

Kikomo chenyewe kilikuwa hivi: timu zote, ya tajiri na ya mkata, haziruhusiwi kupitisha kiasi kimoja cha mishahara ya wachezaji kwa mwaka. Ukimwongeza huyu, huna budi kumpunguza yule. Mabosi wa enzi zile, waliozoea kumnunua wamtakaye, waliliona kama tusi. Mwanasheria wa timu, mzee mmoja asiyeishiwa sigara mdomoni, alimtupia Glenda makubaliano ya ligi, kitabu kinene kama tofali, akamwambia asome sura za mwanzo halafu waongee. Glenda alikisoma chote mezani kwa mama yake, huku wakikunja pierogi za Jumapili, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha, na unga ukimwagikia kurasa. Yaliyomshinda, mzee akamfafanulia mwenyewe. Alipostaafu, kiti chake kikawa cha Glenda.

Kazi hiyo ilifanana na ya mama mwenye watoto wengi na blanketi moja. Ukilivuta huku, miguu ya mwingine inabaki nje. Glenda alijua kulivuta. Alijua mshahara upi ugeuzwe malipo ya kutia sahihi ili uzito wake utandazwe miaka kadhaa, na alijua pia kwamba ukitandaza mno, iko siku utalala kwenye baridi. Wachezaji walimpenda kwa sababu aliwasomea mikataba yao kwa lugha ya watu. Wengi walimpita urefu kwa futi nzima, lakini wakiingia ofisini kwake waliketi kama wanafunzi.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa Lavelle Pettigrew, mtu wa Alabama, mkubwa kama kabati. Lavelle alicheza katikati ya mstari wa mbele, yule anayeinama na kuupitisha mpira nyuma katikati ya miguu yake, kisha anagongana vifua na mijitu ili mrushaji, yule anayeutupa mpira mbele, apate nafasi ya kupumua. Mrushaji wa Toledo alikuwa bado kijana, na kila mtu uwanjani alijua kwamba sauti inayowapanga wenzake ni ya Lavelle. Ila Lavelle alikuwa ametimiza miaka thelathini na mbili, goti lake limeshapasuliwa, na mshahara wake wa dola milioni kumi na moja ulikuwa umelala juu ya lile blanketi kwa upana wake wote.

Mwezi wa Februari, meneja mkuu wa timu, Curtis Haverland, alimwita Glenda akamweleza mpango wake. Haverland alikuwa mtu wa maneno machache, mchezaji wa zamani mwenye vidole vilivyopinda, na hakuwa mbaya. Ila alishamwona sokoni mkimbizaji mmoja hatari sana, mwenye sifa ya kuwaangusha warushaji, naye alimtaka kufa kupona. Nafasi ya kumlipa ingetoka kwa Lavelle. Kwa mujibu wa mkataba, Lavelle angeweza kuachwa kabla ya katikati ya Machi bila kudai senti. Haverland hakutaka kumwacha mapema. Alitaka wanyamaze. Soko la wachezaji lingefunguliwa siku chache kabla ya tarehe hiyo, timu nyingine zingenunua watu wao wa katikati, zingeshiba, na siku moja kabla ya tarehe Lavelle angeitwa aambiwe: kubali chini ya nusu, au nenda. Wakati huo asingekuwa na pa kwenda.

Glenda alimuuliza, wakala wa Lavelle akipiga simu, amwambie nini. Haverland akajibu kwamba asipokee.

Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Timu nyingi hufanya hivyo kila mwaka, na Glenda mwenyewe alijua hesabu inakubali. Alirudi ofisini akafunga mlango, akafanya kazi nyingine.

Siku chache baadaye Lavelle alibisha hodi. Alikuwa ametoka kunyoosha goti, amevaa kaptura kwenye baridi ile ya theluji kama kawaida yake, na mkononi alishika simu yenye picha ya nyumba.

"Bi Glenda, nakuibia dakika moja tu."

"Ukikaa kwenye hicho kiti taratibu, nakupa mbili. Wiki iliyopita umenivunjia kimoja."

Lavelle akacheka, akaketi kama anayekalia mayai. Akamweleza kwamba mama yake, aliyekuwa bado Anniston walikozaliwa wote, alikuwa akiishi nyumba ya kupanga yenye ngazi, na nyonga zake hazitaki tena ngazi. Alikuwa amempatia nyumba ya chini, yenye baraza pana, mtaa mmoja na kanisa lake. Alhamisi angetia sahihi. Alitaka tu kuhakikisha kwamba mambo yake hapa Toledo yako sawa, kwani wakala wake amepiga simu mara kadhaa na hakuna anayeshika.

"Nitie sahihi, au vipi?"

Glenda alikuwa na majibu mawili tayari mdomoni. La kwanza lilikuwa uongo, la pili lilikuwa siri ya mwajiri wake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Lavelle, hilo siwezi kukujibu."

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi."

Lavelle akaitazama ile picha, akaizima simu. Aliinuka polepole, akakirudisha kiti mahali pake.

"Miaka yote nikikuuliza kitu, unanijibu kabla sijamaliza," alisema. "Haya. Nimekusikia, Bi Glenda."

Alipotoka, Glenda alikaa akiusikiliza mlango. Hakuwa amesema neno la siri hata moja, na alikuwa amesema yote. Akajua kwamba akinyamaza sasa atakuwa amewasaliti wote wawili, mchezaji na bosi. Kwa hiyo akainuka, akapanda ghorofani hadi kwa Haverland, aliyekuwa akitazama kwenye skrini vijana wa vyuo wakikimbia, akamwambia bila kuzunguka kwamba Lavelle ameshajua.

"Umemwambia?"

"Ameniuliza kama anunue nyumba. Nimeshindwa kumjibu. Mtu mzima akishindwa kujibu, amejibu."

Haverland akasimamisha picha. "Umenimwagia unga, Glenda."

"Nimeumwaga, na ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Mwache leo, soko halijafunguka, akajitafutie. Au mwite umwambie unachotaka kumlipa, akuangalie usoni. Lakini usimning'inize."

Haverland akamuuliza tangu lini mtu wa mikataba anapanga kikosi. Glenda akasema hapangi kikosi. Kisha akamweleza jambo ambalo hakuwahi kulisimulia pale kazini. Baba yake alinunua gari jipya Jumamosi moja, la mkopo, na Jumatatu akakuta geti la kiwanda limefungwa kwa mnyororo. Msimamizi wake alikuwa akijua tangu Krismasi. Na ile Jumamosi, msimamizi huyo huyo alikwenda naye dukani.

"Alimsaidia kuchagua rangi," Glenda alisema.

Haverland akakisugua kidole chake kimoja kilichopinda. "Mimi si msimamizi wa kiwanda," alisema mwishowe.

"Najua. Na mimi sitaki kuwa."

Haverland akamwambia aende nyumbani. Hakufafanua kama ni nyumbani kwa leo au kwa jumla.

Glenda aliendesha gari hadi kwa mama yake, Bernice, bibi wa miaka themanini na mitano ambaye timu ikifungwa haongei hadi Jumanne. Alimsimulia yote. Bernice alimsikiliza huku akikata kabichi, kisha akasema kwamba yeye kama yeye angemwachisha Lavelle kazi tangu mwaka juzi, maana goti lile linamtia presha. Glenda akacheka bila kupenda.

"Lakini umefanya vizuri," Bernice akaongeza. "Baba yako aliliuza lile gari kwa hasara, na hadi anakufa hakumsalimia yule mtu. Wakikufukuza, njoo tucheze wote bingo. Nimechoka kushindwa peke yangu."

Asubuhi Glenda alikwenda kazini kama kawaida, kwani hakuna aliyemzuia. Haverland alimkuta kwenye mashine ya kahawa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza kidonge kikavu. Alimwambia kwamba amezungumza na kocha wa mstari wa mbele. Kocha hakubishana naye kuhusu goti, ila alimkumbusha kwamba chumba cha kubadilishia nguo kina macho hamsini na zaidi, na vijana huangalia mzee wao anavyotendewa ili wajue zamu yao itakuwaje.

"Simfanyii hisani," Haverland alisema. "Nipe hesabu za njia mbili, na zote zitoshee chini ya kikomo. Mchana tunamwita."

Glenda alizifanya. Njia ya kwanza: Lavelle abaki kwa milioni tano, lakini zote ziwe za uhakika, hata akivunjika mguu siku ya kwanza ya mazoezi. Mkongwe mwenye goti bovu hapati ahadi kama hiyo kila mahali. Njia ya pili: aachiwe siku ile ile, wiki tatu kabla ya soko kufunguliwa, aongee na timu yoyote.

Mchana Lavelle alikuja, safari hii amevaa suruali. Wakala wake, Ike Brannock, alikuwa kwenye simu, na alianza kwa kuwapa maneno makali kuhusu watu wasiopokea simu. Haverland aliyapokea yote, akasema, "Una haki." Kisha akaeleza njia mbili mwenyewe, bila kumwachia Glenda sehemu ngumu. Alimwambia Lavelle kwamba anamthamini, na kwamba milioni kumi na moja hawezi tena.

Lavelle aliinama, viwiko magotini, kama yuko uwanjani anasubiri kuupitisha mpira. Kisha akamgeukia Glenda.

"Bi Glenda. Leo unaweza kunijibu?"

Glenda akamtazama bosi wake. Haverland akainua mkono kidogo, kama kusema: ya nini kukuzuia sasa.

"Mimi ningependa ubaki," Glenda alisema. "Nikikuona pale katikati, silali na wasiwasi. Lakini kama ningekuwa mama yako, ningekuambia toka ukajue bei yako ungali na miguu."

Haverland akajifunika macho. Kutoka kwenye simu Brannock akacheka kwa sauti, akauliza kama mama huyo anahitaji kazi kwake.

Lavelle akachagua kuachiwa. Alimkumbatia Haverland, kisha akamkumbatia Glenda kwa uangalifu, kama mtu anayebeba sahani za watu. Jioni jina lake lilisomwa kwenye habari za michezo, na mashabiki wa Toledo waliwatukana wote ofisini kwa lugha mbili, Kiingereza na Kipolandi.

Kabla soko halijafunguka, timu moja ya kusini ilimpa Lavelle mkataba wa miaka miwili, milioni saba kwa mwaka. Haikuwa ile kumi na moja, lakini uwanja wake wa mazoezi ulikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Anniston. Nyumba ile aliinunua, na mama yake akapeleka viti barazani kabla rangi haijakauka.

Kwa upande wa Toledo mambo hayakunyooka vile. Yule mkimbizaji hatari hakupatikana; timu ya pwani ya magharibi ilimpandia dau ambalo Glenda alilitikisia kichwa mapema. Nafasi iliyobaki ikagawanywa: wakapatikana walinzi wawili wasio na majina, pamoja na mtu wa katikati kutoka Nebraska, kijana mpole aliyehitaji mwezi mzima kujifunza kupaza sauti. Mechi za mwanzo mrushaji aliangushwa mara nyingi mno. Bernice alikaa kimya hadi Jumatano. Kufika Oktoba, kijana wa Nebraska alikuwa akinguruma, na timu ilikuwa imeshinda nne mfululizo.

Ofisini kulikuwa na badiliko moja, nalo halikutangazwa. Mwezi Februari uliofuata, Haverland alisimama mlangoni kwa Glenda na majina matano ya wachezaji ambao mishahara yao haingewezekana tena. Alisema anataka wote waitwe kabla mwezi haujaisha, kila mmoja kwa zamu yake, na kwamba atawaambia mwenyewe.

"Wewe ukae pembeni yangu," alisema. "Nikianza kuzunguka maneno, nikanyage mguu."

"Kwa kiatu hiki?" Glenda alimwonyesha buti zake za theluji.

"Basi nitajitahidi nisizunguke."

Wa kwanza alikuwa akija saa nne, mpiga mpira mateke aliyepata mtoto wake wa tatu wiki ile ile. Glenda alisogeza viti vitatu vikaribiane, akachemsha kahawa, akafungua pazia ili chumba kipate mwanga.