Siku Matroni Alipokaa Kimya

Shangazi aliyenilea alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya wodi ya wanaume: joto kama la tanuri, harufu ya sabuni, na meza ndefu ya kupigia pasi iliyofunikwa blanketi kuukuu.

Alikuwa na mazoea ya kushukuru kila kitu. Umeme ukirudi, "Asante, mgeni." Bomba likitoa maji, "Asante, usinune tena." Wenzake wakampachika jina la Mama Shukrani, naye akawashukuru kwa hilo pia.

Asubuhi moja, akichambua shuka chafu, kitu kigumu kikamdondokea mguuni. Meno ya bandia, safu nzima ya juu, yakimchekea pale sakafuni. Akayachemsha, akayafunga kwenye foronya, akaenda kumtafuta mwenyewe. Wodini, wazee watatu wakadai ni yao. Mmoja wao alikuwa na meno yake yote kinywani.

"Mzee wangu, haya utayaweka wapi?"

"Ya akiba, mwanangu. Dunia haitabiriki."

Ndipo Shangazi alipogundua kwamba hospitali imetulia mno. Matroni, mama ambaye sauti yake ilitangulia viatu vyake, hakuwa amesikika tangu alfajiri. Alikuwa amejifungia ofisini, leso mdomoni, akisalimiwa anatikisa kichwa tu. Wauguzi walidhani amefiwa. Kumbe alipiga chafya akikagua shuka!

Shangazi akabisha hodi, akaweka foronya mezani, akageukia dirishani kama mtu anayetazama mawingu.

"Athante thana, dada," akasikia nyuma yake. Kisha mlio mdogo, tak, na ile sauti ya siku zote: "Na ole wako umwambie mtu!"

"Nimwambie nani, Matroni? Mimi na shuka zangu tu."

Aliitunza siri hiyo miaka minne, mpaka mjomba, mumewe, alipolazwa wodi ile ile kwa ugonjwa wa mapafu. Mjomba alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na sasa hata hayo yaliisha. Aligeukia ukuta, akakataa chakula siku tatu. Matroni alimruhusu Shangazi akae hata baada ya kengele ya wageni. Jioni ya tatu nilikuwepo. Shangazi aliishiwa na maneno ya kubembeleza, akainama sikioni mwa mumewe, akamnong'oneza kisa chote.

Mabega ya mjomba yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akaomba supu.

"Nani anayecheka wodini kwangu?" Matroni akauliza mlangoni. Wakafumba midomo kama watoto waliokutwa na sukari.

Mjomba alirudi nyumbani, akaishi miaka sita zaidi. Kila Jumapili asubuhi Shangazi alimnyoa ndevu kibarazani.

"Tulia, nisije nikakukata sikio."

"Kata tu, limechoka kukusikiliza."

Nilikuwa nikiwasikia nikiwa bado kitandani, nikivuta shuka, nikidhani asubuhi za namna hiyo haziishi.

Wote wawili wametangulia mbele ya haki. Juzi nilipita pale nyumbani kwao. Kibaraza kimepakwa rangi ya buluu, na mama mmoja nisiyemjua akaniona nimesimama. Akanikaribisha maji ya kunywa. Nikaingia, nikakaa.