Nyuzi Nyekundu Chini ya Matete

Kwenye maabara ya maji walimwita Mama Chupa, na aliitika bila kununa. Kazi yake ilikuwa kuchota maji ya kijito kwa chupa, upande wa juu kabla maji hayajaingia kwenye matete na upande wa chini yakishayapita, kuyachuja, kisha kuhesabu kwa darubini chembe za plastiki zilizobaki kwenye karatasi. Matete hayo aliyapigania mwenyewe yasikatwe. Aliamini yanapunguza kasi ya maji na kunasa uchafu usioonekana kwa macho, kabla haujafika kwenye mabomba ya watu.

Majibu yakamvunja nguvu. Chini ya matete plastiki ilizidi ya juu, nyingi yake nyuzi nyekundu. Mkuu wake akaguna, akapeleka ripoti: matete hayafai, yakatwe.

Jioni mumewe alikuwa akimsaidia kukunja nguo. "Mwenzangu," akamtania, "hii sweta yako inanyonyoka kuliko kuku mgonjwa. Tazama shuka lilivyokuwa jekundu."

Mama Chupa hakucheka. Siku zote alianza kuchota chini, asije akatibua matope ya juu yakamfuata. Alfajiri kuna baridi, kwa hiyo huko chini sweta ile nyekundu, iliyofumwa kwa nyuzi za plastiki, ilikuwa mwilini. Akifika juu jua limeshatoka, ameivua. Alijiona mjinga wa mwisho. Angeweza kuzitoa nyuzi zile kwenye hesabu, lakini hesabu ya viraka nani angeiamini?

Kulipokucha akavaa shati la pamba, akajifunga kibwebwe, akashuka kijitoni. Wakataji walikuwa wameshafika na mapanga.

"Mama, tupishe," msimamizi wao akasema. "Nasi tumetumwa."

"Najua. Mmetumwa kwa kosa langu. Nipeni mpaka mchana nipime upya."

"Na majibu yakiwa yaleyale?"

"Niachieni panga moja. Nitakata pamoja nanyi."

Msimamizi akamtazama sana, kisha akawaambia wenzake wakae kivulini. Mama Chupa akaingia majini, meno yakigongana, aibu imemjaa, akachota chini kwanza, kisha juu.

Mchana, alipomaliza kuchuja na kuhesabu, akampigia mkuu wake simu. "Karatasi ya maji ya juu imejaa plastiki, ya chini ina chembe chache tu. Matete yanafanya kazi. Futa ile ripoti, na uandike kwamba nyuzi zilitoka kwenye nguo yangu."

"Utachekwa mji mzima."

"Wacheke tu. Wewe waambie wakataji waende nyumbani."